Kadi mbili za grafiki kwenye PC moja: angalia kwanza mashine inakufaje

Wakuu habari za mda huu. Siku hizi watu wengi wanaongeza kadi ya pili ya grafiki kwenye PC ya nyumbani, mwingine anarenda (kompyuta ikuchoree picha za 3D) kwenye programu ya Blender, mwingine anataka kuendesha zile AI za kukaa kwenye mashine yake mwenyewe bila intaneti, mwingine kadi yake ya zamani ilikuwa imekaa tu kabatini akaona si bora niichomeke, alafu mashine inaanza vituko, na kitu cha kwanza kila mtu anachokimbilia ni kufuta draiva (programu inayoiongoza kadi) na kupiga Windows upya. Nawaomba msianzie huko. Anza na swali moja tu: mashine inakufaje?

Namaanisha hivi. Kama inazima ghafla pu, feni zinasimama, taa zote zinazima kama vile umeme umekatika, hiyo ni shida ya moto, yaani umeme wa pawasaplai na waya zake. Kama skrini inakuwa nyeusi lakini feni bado zinazunguka na muziki uliokuwa unapiga unaendelea kusikika, hapo shida ni kadi au draiva. Na kama haizimi wala nini ila kadi ya pili haionekani kabisa, angalia sloti (tundu la bodi unapochomeka kadi), BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe), au draiva isiyoijua hiyo kadi. Ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, ukiyachanganya utazunguka wiki nzima.

Mi yamenikuta. Kazi yangu ni kutengeneza picha za 3D za ramani za nyumba, mtu anakuja na ramani yake anataka aione nyumba ilivyo kabla hajachimba msingi. PC yangu ni ya kuunga, Ryzen 5 3600, bodi ya B450, kadi RTX 3060 ya GB 12, nikaongeza GTX 1060 ya GB 6 niliyonunua mtumba ili kazi ziende haraka. Nikifungua mtandao iko poa, nikicheza gemu iko poa, nikirenda na kadi zote mbili baada ya dakika kumi hivi inazima yote. Nikafuta draiva mara tatu, nikapiga Windows upya, nikamrudishia aliyeniuzia kadi tukaipima kwake ikafanya kazi vizuri tu, na kazi ya mteja imelala. Siku nikaamua kufungua kesi na tochi nichunguze waya mmoja mmoja. Kile kiadapta cha molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda pini sita nilichopewa dukani bure pamoja na kadi kilikuwa kigumu kutoka, nikakivuta taratibu, na kilipotoka ile plastiki nyeupe upande wa waya wa njano ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ukiisogeza puani inatoa harufu kama ya samaki. Waya wa njano ndo unaobeba volti 12, na volti 12 ndo chakula cha kadi ya grafiki. Draiva haikuwa na kosa lolote.

Kwaiyo tuanze na moto, na hapa nitakaa sana kwa sababu wengi wanaoniletea mashine zao shida yao iko hapa hapa.

Sloti ya PCIe yenyewe inatoa wati 75 basi. Plagi ya pini sita inaongeza 75 nyingine, ya pini nane inaongeza 150. Sasa plagi ya SATA, ile bapa ya kwenye hard disk, upande wa volti 12 imetengenezwa kubeba wati 54 tu, kwaiyo ukiona adapta inayotoka SATA kwenda pini sita jua unamwambia mtu wa kubeba 54 abebe 75, na kuna watu wamechoma nazo mashine. Usitumie kabisa, hata kama fundi amekuambia haina shida. Ya molex ikiwa nzuri na umeiunga kwenye waya mbili tofauti angalau, ila hizi za bei rahisi zinazokuja na kadi ndo hizo kama yangu. Kinachotakiwa ni waya unaotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai, na kila kadi iwe na waya wake. Ule waya mmoja wenye vichwa viwili usiugawe kwa kadi mbili, hata kama unafika vizuri.

Alafu soma kibandiko cha pawasaplai yako, sio namba kubwa ya mbele, we soma kale kajedwali kadogo. Tafuta mstari wa +12V na idadi ya ampia, zidisha. Ya kwangu ya zamani ilikuwa imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, ila kwenye jedwali 12V ilikuwa ampia 25, na 12 mara 25 ni wati 300. Sasa piga hesabu: RTX 3060 inakula wati 170, GTX 1060 wati 120, hapo tayari 290, prosesa yangu ikibanwa inafika 88, bado bodi, RAM, diski na feni uweke kama 50. Tuko karibu na 430, pawasaplai ina 300 ya kweli. Ndo maana gemu lilikuwa poa, gemu linatumia kadi moja. Nikabadilisha nikaweka ya wati 650 ambayo 12V yake ni ampia 54, ukizidisha ni 648, na mpaka leo haijawahi kuzima. Na usiweke pawasaplai inayolingana kabisa na hesabu, acha wati 150 au 200 juu, kwa sababu kadi zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa sekunde kidogo sana na pawasaplai dhaifu inajizima hapo hapo.

Kama hela ya pawasaplai haijapatikana na kazi iko mezani, punguza ulaji wa kadi. Fungua Command Prompt kama administrator, andika nvidia-smi, utaona kadi zako zimepewa namba 0 na 1, joto, na wati kila moja inakula. Alafu andika nvidia-smi -i 0 -pl 130 na kadi namba 0 haitazidi wati 130. Spidi inashuka kidogo tu, sio kama unavyofikiria. Ila ukirestati inarudi ilivyokuwa, kwaiyo ni ya kurudia kila ukiwasha, au weka MSI Afterburner ikukumbukie. Na hii ni ya kukuvusha tu, adapta iliyoungua bado ni ya kutupa.

Na UPS pia. VA sio wati. UPS nyingi za 650VA zinabeba kama wati 360 hadi 390, kwaiyo umeme ukipepesuka kidogo tu wakati unarenda na kadi mbili, UPS inazidiwa na mashine inazima wakati UPS iko pale pale inawaka. Kabla hujalaumu kadi jiulize kama inazima mda uleule ambao taa za ndani zinacheza. Ukitaka uhakika fungua Event Viewer, sehemu ya System, tafuta Kernel-Power namba 41 saa ile ilipozima. Hiyo namba peke yake haikuambii mchawi ni nani, inasema tu mashine ilizimwa bila kuaga, lakini ukiikuta peke yake bila kosa lingine lolote kabla yake, rudi kwenye moto.

Ukishaondoa shida ya moto, au kama yako haikuwa hiyo, fanya kipimo ambacho kila mtu anakiruka kwa sababu kinachosha. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache moto uliobaki uishe, shika chuma cha kesi mwili utoe umeme wake. Toa kadi zote mbili. Weka kadi ya kwanza peke yake kwenye sloti ya juu, renda dakika 15. Itoe, weka ya pili peke yake sloti hiyo hiyo, renda dakika 15. Kisha kila moja peke yake kwenye sloti ya chini, vilevile. Ni kama saa moja na nusu ya kazi lakini ukimaliza unajua kabisa: kadi inayogoma sloti zote mbili ni mbovu, sloti inayogomea kadi zote mbili ndo yenye shida, na kama zote nne zinapita shida ipo zikikaa pamoja, yaani moto, joto au mipangilio. Kama prosesa yako haina grafiki zake za ndani, kama hii yangu ya 3600, basi waya wa monita lazima uwe kwenye kadi, ile tundu ya HDMI ya bodi haitaonyesha kitu na sio kwamba umeua mashine.

Wakati umezitoa angalia meno ya dhahabu ya kadi, yakiwa na weusi pitisha raba ya kufutia penseli taratibu alafu futa na spiriti, iache ikauke. Puliza sloti vumbi litoke. Ukirudisha kadi sikiliza ile lachi ya mwisho wa sloti ipige klik, na uifunge skrubu mgongoni, kadi nzito inalala upande mmoja na hiyo inatosha kufanya iwe inaonekana leo kesho haionekani.

Sasa ile ya kadi ya pili kutoonekana. Kwanza jua sloti ndefu sio lazima iwe ya spidi kamili. Bodi nyingi za B450 sloti ndefu ya pili ina njia nne tu za kupitisha data, tena za PCIe 2.0, na kwenye bodi nyingi hizo njia zinagawana na kitu kingine, ukichomeka kitu kwenye vile visloti vifupi au SSD ya M.2 kwenye tundu fulani, sloti inapungua au inazimika kabisa. Hii imeandikwa kwenye kitabu cha bodi, tafuta PDF yake kwa jina la bodi, usome ukurasa wa sloti. Kuna jamaa hapa mtaani alihangaika na kadi mwezi mzima, kumbe siku ile ile alipoweka kadi aliweka na SSD mpya. Tukahamisha SSD, kadi ikaonekana. Na kwa wanaorenda msiogope njia nne, picha inachelewa kidogo kupakiwa kwenye kadi lakini ikishaingia kasi inakaribia kuwa ileile. Kwenye gemu ndo utaumia.

Fungua Device Manager, Display adapters. Kadi yenye alama ya njano bonyeza mara mbili usome namba. Code 12 maana yake mashine imekosa nafasi ya kuipa kadi ya pili, ingia BIOS uwashe Above 4G Decoding. Bodi nyingine zitakutaka uzime CSM (kuwasha Windows kwa mtindo wa zamani) kwanza, na hapa kuwa makini, ukizima CSM wakati Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani haitawaka. Kabla ya kugusa andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, angalia BIOS Mode, ikiwa UEFI endelea, ikiwa Legacy acha kwanza. Code 43 kadi yenyewe imeripoti tatizo, inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa kadi inakufa, na kwa kadi za AMD kama RX 570 na RX 580 za mtumba mara nyingi ni kwamba mchimbaji wa sarafu za kidijitali alibadilisha BIOS ya kadi ili achimbe haraka na draiva inaikataa. Nyingi ya hizo kadi zina kiswichi kidogo pembeni cha kuchagua BIOS ya pili, zima mashine, kisukume upande wa pili, washa ujaribu.

Kwenye draiva kuna jambo moja ambalo watu wa kadi mbili wanatakiwa walijue vizuri. Kwenye Windows kadi mbili za NVIDIA zinatumia draiva moja, sio kila moja na yake, kwaiyo draiva hiyo lazima izijue zote mbili. Ukichanganya kizazi cha mbali sana hakuna draiva itakayowapatanisha, GTX 580 kwa mfano haiwezi kukaa na RTX 3060. Na sasa hivi inawagusa wengi zaidi, kwa sababu NVIDIA imefunga matoleo ya kawaida ya GTX 900 na GTX 1000 mwezi wa kumi 2025, wamebakiziwa marekebisho ya usalama tu mpaka 2028, na familia ya draiva za namba 580 (sio kadi ya GTX 580) ndo ya mwisho inayozijua. Ukiwa na GTX 1060 na RTX 3060 kama mimi, baki kwenye draiva za 580. Ukiapdeti kwenda 590 kadi ya zamani inapotea na utadhani imekufa. NVIDIA na AMD kwenye mashine moja inawezekana, kila moja inaleta draiva yake.

Kama draiva zimechanganyikana kweli, hapo ndo utumie DDU, programu ya kufuta draiva mpaka mizizi. Pakua kwanza draiva utakayoweka, chomoa intaneti ili Windows isikuwekee ya kwake, ingia Safe Mode, safisha, restati, weka. Na ukiwa na skrini inayokuwa nyeusi huku feni zinazunguka, pamoja na DDU angalia joto. Kadi ya juu inavuta hewa iliyotoka mgongoni kwa kadi ya chini, hewa ya moto, na mimi Mwanza hapa mchana bila feni chumbani kadi ya juu ilikuwa inagonga nyuzi 84 wakati ya chini iko 66. Nilichofanya ni kuweka ile inayokula wati nyingi chini, ndogo juu, kwa kuwa sikuwa na mpango wa gemu nzito, na feni ya mbele nikaishusha ipulize katikati ya kadi mbili. Unaecheza gemu usifanye hivyo, kadi kubwa iache juu kwenye sloti yenye njia zote.

Ukishaona kadi zote mbili ziko salama kwenye Device Manager, bado zinaweza zisifanye kazi pamoja kwa sababu hakuna aliyeziambia. Blender ingia Preferences, System, chagua CUDA, weka tiki kwenye kadi zote mbili, alafu kwenye mipangilio ya Cycles (injini ya kurenda ya Blender) chagua GPU Compute. Usiiamini sana Task Manager, grafu yake ya 3D inaweza kuonyesha asilimia 3 wakati kadi inachemka, tumia nvidia-smi. Na jua kwamba kila kadi inapakia picha nzima kwenye memori yake, 12 na 6 hazifanyi 18, nyumba yenye bustani nzito ikizidi GB 6 ile ndogo inakwama au inavuta yote chini, hapo iondolee tiki uendelee na kubwa peke yake. DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows inatumia kadi moja tu, ya pili utaiona imelala na hakuna kilichoharibika. Programu nyingine unaichagulia kadi kwenye Settings, System, Display, Graphics.

Wale wa SLI, yaani kuunga kadi mbili za NVIDIA zicheze gemu moja, niwaambie mapema msipoteze hela. NVIDIA iliacha kutengeneza profaili mpya za SLI kuanzia Januari 2021, magemu mapya hayaijui, na GTX 1060 haina hata sehemu ya kuchomeka daraja. Kama tayari unazo GTX 1070 au 1080 mbili na unacheza magemu ya zamani, hakikisha ni za aina moja, bodi inakubali SLI na kila sloti ina njia nane, na daraja limekaa vizuri. Kwa AMD kuanzia R9 290 ya 2013 daraja halihitajiki, zinaongea kupitia sloti.

Ukienda kununua kadi ya pili ya mtumba, na ziko nyingi tangu Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, beba GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) kwenye flashi. Muombe muuzaji aichomeke, fungua GPU-Z, kadi iliyobadilishwa jina itaandikwa FAKE mwanzoni mwa jina, kuna GTS 450 za zamani zinauzwa kama GTX 1050 Ti. Hapo hapo kwenye Bus Interface utaona inaongea kwa njia ngapi, na ukiona 1.1 usishtuke, kadi ikiwa haina kazi inapunguza spidi, bonyeza ile alama ya kuuliza uipe kazi ndogo uangalie tena.

Kipimo cha mwisho ni hiki. Chukua kazi yako nzito kuliko zote, renda na kadi zote mbili saa mbili kesi ikiwa wazi, kila baada ya dakika 20 shika plagi za kadi kwa vidole, upande wa plastiki. Zikiwa vuguvugu sawa, zikiwa za moto mpaka unatoa mkono zima hapo hapo uangalie waya. Ikipita, funga mfuniko wa kesi urudie saa moja nyingine, maana mfuniko ukiwa wazi joto unaloliona silo utakaloliona siku ya kazi.